Clinton alishinda Texas, Obama akaondoka na wajumbe

Mwaka 2008 Hillary Clinton na Barack Obama walikuwa wakishindania tiketi ya urais ya chama cha Democratic, Marekani. Vituo vya kura vilipofungwa Texas tarehe 4 Machi, kwao ilikuwa saa moja usiku, Jumanne. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi alfajiri ya Jumatano. Nchini Kenya wiki ilikuwa haijatimia vizuri tangu Mwai Kibaki na Raila Odinga watie saini mkataba wa kugawana madaraka, Februari 28, na watu waliochoshwa na siasa za nyumbani walikuwa wamehamishia masikio yao kwa Obama, mwanasiasa ambaye baba yake alitoka Kogelo. Asubuhi ile habari zikawa moja: Clinton ameshinda Texas. Kwenye mabaraza ya kahawa hukumu ikatolewa kabla kikombe cha kwanza hakijaisha. Obama kwisha habari yake.

Hakuwa amekwisha. Hesabu ya Texas ilipofungwa, miezi mitatu baadaye, Clinton alikuwa na wajumbe 94 na Obama 99. Yule aliyepata kura nyingi, tena kwa tofauti ya takriban kura 100,000, ndiye aliyetoka na wajumbe wachache. Msimulie mtu kisa hiki leo naye atakujibu kwa neno moja: wizi. Haukuwa wizi. Kanuni zilikuwepo kabla ya kampeni kuanza, na wote wawili walizijua, ingawa mmoja alizisoma kwa makini zaidi.

Kila baada ya miaka minne mkanganyiko huu hurudi. Tunasikia fulani ameshinda New Hampshire, fulani ameshinda South Carolina, na wengine wanaanza kumwita rais. Naichukua Texas ya 2008 kama darasa kwa sababu jimbo hilo peke yake, usiku mmoja, lilibeba karibu kila kitu kinachotuchanganya.

Maneno matatu kwanza

Neno la kwanza linalotupoteza ni "jimbo". Mtanzania akisikia jimbo anawaza eneo la mbunge mmoja. Mkenya ana eneo bunge lake. Jimbo la Marekani si hilo. Lina gavana, bunge lake, mahakama zake na sheria zake za uchaguzi. Texas peke yake ina eneo kubwa kuliko Kenya nzima. Kwa hiyo mchujo wa Texas ufikirie kama uchaguzi wa nchi, ila ni wa chama kimoja.

Neno la pili ni huo mchujo wenyewe. Kenya watu husema kura za mchujo, Tanzania husema kura za maoni. La Tanzania lina mtego, maana kura ya maoni pia ni ile ambayo wananchi huulizwa ndiyo au hapana, kama Wakenya walivyoulizwa kuhusu Katiba mwaka 2005 na 2010. Hapa nitatumia mchujo. Ni shughuli ya ndani ya chama: Clinton na Obama wote ni Democratic, wanagombea tiketi moja, na siku hiyohiyo Republican nao wana mchujo wao pembeni. Anayeshinda mchujo wa jimbo hajawa rais wala gavana, wala hata mgombea rasmi bado. Amepata wajumbe.

Na mjumbe ndilo neno la tatu, ambalo Watanzania tuna kidonda nalo. Baada ya kura za maoni za CCM mwaka 2020 mitandao ilijaa msemo kwamba wajumbe sio watu. Watia nia waliahidiwa, wakachekewa, wakapewa maji ya kunywa, kisha sanduku likafunguliwa na kura zikawa mbili, moja ya mtia nia mwenyewe. Mjumbe wa namna hiyo ndiye mpiga kura. Anaamua kwa kichwa chake. Mjumbe wa mchujo wa Marekani yuko karibu zaidi na mshenga. Wananchi wamekwisha kuamua, yeye anapeleka maneno ukweni. Ukweni ni mkutano mkuu wa chama, ambao kwa Democratic mwaka 2008 ulifanyika Denver mwezi Agosti. Ili kuteuliwa, mtu alihitaji zaidi ya nusu ya wajumbe wote, na mwaka ule idadi hiyo hatimaye ilifikia wajumbe 2,118.

Linganisha na Dodoma, Julai 2015. Watia nia wa urais kupitia CCM walikuwa zaidi ya thelathini. Vikao vya juu viliwachuja wakabaki watano, kisha watatu, na mkutano mkuu ukamchagua John Magufuli. Chekecheo lilishikwa na wakubwa wa chama, na Edward Lowassa alianguka kabla majina hayajafika kwa wajumbe wa mkutano mkuu. Marekani chekecheo hilo wamelishikisha wapiga kura, jimbo baada ya jimbo, kuanzia Januari hadi Juni.

Na si tangu zamani. Mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa na Democratic kule Chicago bila kugombea mchujo hata mmoja. Nje ya ukumbi polisi walikuwa wakiwapiga waandamanaji, ndani chama kikiwa kimegawanyika, na mwishowe Humphrey akashindwa urais na Richard Nixon wa Republican. Chama kikaunda tume kuandika upya kanuni, na kuanzia 1972 kura za wananchi majimboni ndizo zinazoamua. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba Katiba ya Marekani haisemi chochote kuhusu mchujo. Ni kanuni za vyama zikichanganyika na sheria za majimbo, ndiyo maana hakuna majimbo mawili yanayofanana kabisa.

Hesabu ya mchana

Twende Texas sasa. Jimbo lilikuwa na wajumbe 228 wa Democratic. Kati yao 35 walikuwa vigogo, tutawarudia. Waliobaki 193 ndio waliogombewa, na hapo Texas ikafanya kitu cha ajabu: 126 waligawanywa kwa kura za mchana na 67 kwa mikutano ya usiku. Wenyeji waliuita utaratibu huo kwa jina la ngoma yao, ile ya hatua mbili.

Kura za mchana zilikuwa rahisi kwa mpiga kura. Texas haisajili watu kwa vyama. Unafika kituoni, unasema unataka karatasi ya chama gani, unapiga, unaondoka. Hakuna kadi ya chama wala ada. Ukichukua ya Democratic huwezi tena kuchukua ya Republican kwenye mchujo uleule, basi. Ndiyo maana mwaka huo zilisikika sauti za Republican zikiwahimiza wenzao wakampigie Clinton, ili Democratic waendelee kutwangana wakati John McCain, ambaye usiku huohuo alikamilisha idadi ya wajumbe aliowahitaji kwa chama chake, anapumzika.

Kura zikahesabiwa. Clinton karibu asilimia 51, Obama asilimia 47 na ushei. Ukigawanya wajumbe 126 kwa uwiano huo moja kwa moja, Clinton angepaswa kumzidi Obama kwa wajumbe wanne au watano. Alimzidi kwa wanne: 65 kwa 61. Utasema basi, hapa hakuna muujiza. Upo, ila umejificha. Wajumbe hawakugawanywa kwa jumla ya jimbo. Waligawanywa katika kanda 31 za seneti ya Texas, kila kanda na fungu lake, na mafungu hayakuwa sawa. Kulikuwa na kanda ya wajumbe wawili na kanda ya wajumbe wanane.

Nani aliamua fungu la kila kanda? Hapa fikiria kikundi cha kuweka na kukopa. Mwisho wa mwaka gawio halitolewi kwa kuhesabu vichwa vilivyokuja kikaoni, hutolewa kwa hisa. Aliyenunua hisa nyingi anabeba bahasha nene hata kama leo amekaa kimya kwenye kona. Hisa za Texas zilikuwa kura ambazo kanda iliwapa wagombea wa Democratic katika uchaguzi wa rais wa 2004 na wa gavana wa 2006. Kanda za katikati ya Houston, Dallas na Austin, zenye Waamerika Weusi wengi, wanafunzi na watu wa mrengo wa kushoto, zilikuwa zimejitokeza. Kanda za mpakani mwa Mexico, ambako Clinton alipendwa sana na wapiga kura wenye asili ya Kilatini, hazikuwa na hisa nyingi. Mwaka 2008 watu wa mpakani walijaa vituoni, lakini walikuwa wanagawana gawio la miaka ya nyuma.

Kisha kuna suala la maandazi. Mjumbe hagawanyiki, kama andazi ambalo mama amekataza lisikatwe. Chukua kanda yenye wajumbe wanne. Clinton apate asilimia 60, Obama 40. Ukizidisha, Clinton anastahili maandazi 2.4 na Obama 1.6. Kwanza kila mtu anapewa mazima yake, mawili kwa moja. Andazi la nne anapewa mwenye kipande kikubwa kilichobaki, naye ni Obama mwenye 0.6. Matokeo: mawili kwa mawili. Clinton amemshinda mwenzake kwa pointi ishirini, ushindi ambao kwenye redio utaitwa wa kishindo, na hajapata faida ya mjumbe hata mmoja. Ili apate watatu kwa mmoja alihitaji kuvuka asilimia 62.5.

Sasa geuza. Kanda ya wajumbe wanane, Obama asilimia 60, Clinton 40. Obama anastahili 4.8, Clinton 3.2, na mgawo unakuwa watano kwa watatu. Asilimia zilezile 60, lakini huku zimeleta faida ya wajumbe wawili na kule sifuri. Na kwenye kanda ya wajumbe watatu, asilimia 51 tu inatosha kukupa wawili kwa mmoja.

Mtu mwenye kalamu na karatasi anaweza kukaa wiki tatu kabla ya uchaguzi akaona pesa za matangazo ziende wapi. Kanda ya wanne ambako unashindwa kwa 58 dhidi ya 42? Waache, mtagawana sawa. Kanda ya watatu ambako mnalingana? Hamishia magari yote huko. Timu ya Obama ilikuwa na watu wa kalamu na karatasi. Mwezi mmoja kabla, Februari 5, walikuwa wamekwisha kuonyesha: katika jimbo dogo la Idaho, lenye watu wachache na mashamba ya viazi, Obama alipata wajumbe 15 kwa 3 wa Clinton. New Jersey, ambako zaidi ya watu milioni moja walipiga kura, Clinton alishinda 59 kwa 48. Faida ya 12 kutoka Idaho ikaimeza faida ya 11 kutoka New Jersey. Kwa maoni yangu uteuzi ule ulipatikana katika hesabu za namna hiyo kuliko katika hotuba zote tulizozishangilia.

Usiku, majirani na karatasi ya majina

Obama alikuwa nyuma kwa wajumbe wanne vituo vilipofungwa. Lakini saa moja na robo, pale palepale, mlango ulifunguliwa tena.

Huu ndio mkutano unaoitwa kokasi. Mzee wa Kenya hahitaji maelezo marefu, anaikumbuka mlolongo ya KANU mwaka 1988, watu wakipanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao mchana kweupe. Kokasi ina harufu hiyo ya uwazi: jirani anakuona umesimama na nani. Tofauti ni kwamba mlolongo ilijulikana kwa foleni fupi kutangazwa kuwa ndefu, wakati kokasi ina karatasi zinazobaki kama ushahidi. Texas hawakupanga foleni nyuma ya mtu. Waliandika jina kwenye fomu na pembeni yake wakaandika wanamuunga mkono nani. Sharti lilikuwa moja, uwe umepiga kura mchana. Yaani mtu mmoja, siku moja, alikuwa na sauti mara mbili, ila ya pili ilimtaka awe na muda.

Muda ndio uliochagua. Mwanafunzi wa chuo anaweza kurudi saa moja na robo na kukaa hadi usiku. Mhudumu wa hospitali wa zamu ya usiku hawezi. Mama wa watoto wadogo hawezi. Bibi wa miaka themanini aliyepiga kura asubuhi amekwisha kulala. Wafuasi wengi wa Clinton walikuwa wa kundi hili la pili, na wafuasi wengi wa Obama walikuwa vijana walioambiwa tangu wiki za nyuma: piga kura, kisha rudi. Sehemu nyingi zilifurika, fomu zikaisha, mabishano yakazuka juu ya nani aongoze kikao. Kambi ya Clinton ililalamika, na haikulalamika bure; kikao kilichozoea watu kumi kupokea mia tatu hakiwezi kwenda sawa.

Usiku ule wala haukumaliza mambo. Waliochaguliwa kwenye vikao vya mtaa walikwenda mikutano ya ngazi ya juu mwishoni mwa Machi, na hao wakachagua watakaokwenda mkutano wa jimbo, Austin, mwezi Juni. Mwisho wa ngazi hizo zote wajumbe 67 waligawanyika 38 kwa Obama na 29 kwa Clinton. Jumlisha na wa mchana: 99 kwa 94.

Clinton alishinda pia Ohio na Rhode Island siku ileile, Obama akachukua Vermont. Magazeti yaliandika kuwa Clinton amefufuka. Kwenye kura ilikuwa kweli. Kwenye wajumbe, majimbo manne kwa pamoja yalimpunguzia pengo kwa idadi isiyofika kumi, naye alikuwa nyuma kwa zaidi ya mia moja.

Wale vigogo 35 niliowaacha njiani walikuwa wabunge, maseneta na wakubwa wa chama, ambao hawakufungwa na kura ya mtu. Hawa ndio walio karibu na mjumbe tunayemjua sisi, wa kubembelezwa kwa simu. Nchi nzima walikuwa mia kadhaa, wa kutosha kumwinua aliyeshindwa kama wangetaka. Hawakutaka, walimfuata aliyekuwa anaongoza. Mwaka 2018 chama kiliwanyang'anya kura katika duru ya kwanza ya mkutano mkuu, isipokuwa pale ambapo mshindi amekwisha kujulikana.

Baadhi ya wasomaji wataniambia mbona Trump alikuwa anashinda jimbo na kuzoa wote. Kweli, kwa sababu Republican wana kanuni zao, na huruhusu majimbo kadhaa kumpa wa kwanza kila kitu. Florida mwaka 2016 Trump alipata asilimia zisizofika 50 na akabeba wajumbe wote 99. Marco Rubio, seneta wa hapohapo, akajitoa usiku uleule. Democratic wao hugawa kwa uwiano kila mahali, kwa yeyote aliyefikisha asilimia 15. Ukisikia "ameshinda jimbo", uliza kwanza chama gani.

Na usichanganye wajumbe hawa na wale wa Novemba. Uchaguzi mkuu una wajumbe wake wa uchaguzi, 538 nchi nzima, na 270 ndio urais. Ni watu wengine na hesabu nyingine. Novemba 2008 Obama alishindwa Texas na McCain kwa zaidi ya pointi kumi, kama ilivyotarajiwa. Jimbo hilo halijampa mgombea wa Democratic ushindi wa urais tangu Jimmy Carter mwaka 1976. Lakini kwenye mkutano mkuu wa Denver, mjumbe wa Texas alikuwa na uzito sawa na mjumbe wa New York.

Ngoma ya hatua mbili ilifutwa kabla ya mchujo wa 2016. Machi mosi mwaka huo Clinton alirudi Texas kugombea na Bernie Sanders, safari hii kwa kura za mchana tu, bila karatasi za usiku. Alipata takriban asilimia 65 na wajumbe 147 kwa 75. Kura na wajumbe vilikubaliana. Novemba alimzidi Trump kwa karibu kura milioni 3 nchi nzima na akaukosa urais, kwa hesabu ile nyingine.